Pikipiki inayolima: Wanaotaka kuiga waanze na injini

KATIKA wilaya ya Amreli, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, mkulima wa karanga na pamba ana siku chache tu za kupanda baada ya mvua ya kwanza. Mvua za huko ni haba, na udongo ukikauka kabla mbegu haijaingia ardhini, msimu umeharibika. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na jozi ya maksai. Lakini maksai wanakula kila siku, wawe na kazi wasiwe nayo, na ukame ukirudia miaka miwili mfululizo mkulima hana majani wala fedha za kununua malisho. Trekta nalo ni kubwa na ghali kwa mwenye ekari tano.

Mwaka 1994 fundi wa kuchomelea vyuma katika kijiji cha Mota Devaliya wilayani humo, Mansukhbhai Jagani, alichukua pikipiki aina ya Enfield Bullet na kuigeuza chombo cha kulimia. Aliondoa gurudumu la nyuma. Mahali pake akafunga ekseli yenye magurudumu mawili, na nyuma yake akaweka mhimili wa chuma wa kufungia majembe. Mhimili huo huo hubeba plau, vifaa vya kupandia, vya palizi, hata pampu ya kunyunyizia dawa. Chombo hicho kikapewa jina la Bullet Santi.

Wazo halikutoka hewani. Barabara za eneo hilo la Gujarat zilikuwa tayari zimejaa chhakdo, usafiri wa magurudumu matatu ambao mbele ni pikipiki ya Bullet na nyuma ni boksi la kubebea watu na mizigo. Mafundi wa huko walikwishazoea kukata fremu ya Bullet, kutupa injini ya petroli na kuweka injini ya dizeli ya silinda moja, ya aina inayotumika kuvuta maji visimani. Alichofanya Jagani ni kuichukua akili hiyo ya barabarani na kuipeleka shambani.

Mfuko wa Taifa wa Uvumbuzi wa India, ulioanzishwa mwaka 2000, umeandika kwamba Bullet Santi inaweza kulima ekari moja kwa muda usiozidi nusu saa, kwa lita mbili za dizeli. Ni takwimu inayovutia, na mkulima wa Singida au Machakos ana haki ya kuiuliza maswali kabla ya kuiamini. Ekari moja ni kama meta za mraba 4,047. Ikiwa majembe yanashika upana wa meta moja, chombo kinapaswa kutembea kilometa nne kwa nusu saa, yaani mwendo wa kilometa nane kwa saa bila kusimama. Hiyo inawezekana kwenye udongo mwepesi uliokwisha kulimwa, na kwenye palizi. Kupasua ardhi ngumu ambayo haijaguswa tangu mavuno ni habari nyingine.

Hata hivyo, hesabu hiyo ya kilometa nane kwa saa ndiyo inayofundisha zaidi, hasa kwa Afrika Mashariki ambako pikipiki za bodaboda zimejaa hadi vijijini na fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anajiona anaweza kuiga.

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinatajwa kuwa na nguvu ya farasi kati ya 8 na 12. Injini ya dizeli ya Jagani ilikuwa na nguvu ya farasi 5.5 tu. Kwa kuangalia karatasi, bodaboda inashinda. Shambani inashindwa, na sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni mizunguko. Nguvu inayotajwa ya bodaboda hupatikana injini ikizunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika. Kwa gia ya kwanza, mizunguko hiyo huisukuma pikipiki kwa mwendo wa kama kilometa 25 kwa saa, na hakuna anayelima kwa mwendo huo. Ukiishusha hadi kilometa nane, injini inabaki na mizunguko 2,000 na kitu, ambako nguvu yake ni sehemu ndogo tu ya ile iliyoandikwa. Jembe likishika mzizi, inazima. Dizeli ndogo ya kuvutia maji, kinyume chake, imeundwa kufanya kazi kutwa nzima kwa mizunguko ya chini.

Ya pili ni joto. Injini ya bodaboda hupozwa na upepo wa mwendo. Barabarani upepo upo. Shambani, kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, huku injini ikivuta kwa nguvu zake zote, upepo haupo. Oili inakuwa nyepesi, pete za pistoni zinaanza kuliwa, na kabla ya msimu kwisha moshi wa buluu unatoka kwenye egzosi. Dizeli za aina ile huja na feni yake au na tangi la maji, kwa kuwa tangu mwanzo zilitengenezwa kufanya kazi zikiwa zimesimama.

Kwa hiyo anayetaka kutumia injini ya pikipiki ya petroli ana kazi mbili kabla ya kugusa fremu. Anahitaji kupunguza mwendo kama mara tatu zaidi, kwa sproketi au kwa giaboksi ya pili, na anahitaji feni. Baadhi ya pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, zile ambazo Watanzania wengi huziita Toyo, zina injini inayopozwa kwa maji na difu kwa nyuma. Kwa fundi anayetafuta pa kuanzia, chombo kibovu cha aina hiyo kina faida kuliko bodaboda nzima.

Fremu nayo ina mambo yake. Dizeli ya silinda moja inatikisa mno, na mtikisiko huo huifungua nati na kuipasua welding iliyochomwa juu juu. Mahali injini inapokaa panahitaji vipande vya chuma vya pembetatu vya kuimarisha kona, mipira chini ya miguu ya injini, na bolti zenye nati za kujifunga. Sproketi ya injini na ya ekseli zisipokuwa kwenye mstari mmoja, cheni inaliwa upande na kukatika. Ubao ulionyooka, ukilazwa juu ya sproketi zote mbili, unatosha kuonyesha kosa hilo.

Hatari kubwa zaidi ni kuinuka mbele. Plau ikikwama ghafla huku magurudumu ya nyuma yakiendelea kusukuma, chombo kinataka kumpindukia dereva. Bullet ni pikipiki nzito, inayozidi kilo 150, na uzito wake wa mbele unasaidia kuizuia. Pikipiki nyepesi inahitaji kuongezewa uzito mbele, na majembe yafungwe chini, usawa wa ekseli au chini zaidi. Klachi lazima iwe inayoachia mara moja. Jaribio la kwanza lifanywe na majembe ya palizi, kwenye udongo laini, wala dereva asivae shuka au kanzu karibu na cheni.

Bullet Santi ilipata hataza nchini India, na mwaka 2005 ikapata ya Marekani. Karatasi hizo hazikuwazuia mafundi wengine wa Gujarat kuiga, kwa kuwa kila kipande chake kinapatikana gereji. Kwa mfanyabiashara mdogo hapo pana jambo la kutazama: Jagani hakuhitaji kuuza pikipiki nzima. Mteja mwenye pikipiki yake aliweza kununua kile kifaa cha nyuma peke yake, kikafungwa wakati wa kilimo na kufunguliwa msimu ukiisha.

Nchini Tanzania, pawatila zilizoingizwa kwa wingi baada ya kampeni ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 zilifaa mashamba ya mpunga yenye maji, lakini baadhi ya wakulima wa ardhi kavu walilalamika kwamba zinashindwa na udongo mgumu. Chombo cha aina ya Jagani hakitaponya hilo. Kazi yake ni palizi na kupanda kwa mistari, na anayekinunua au kukodisha apige hesabu kwa ekari za palizi, si za kulima mara ya kwanza.

Fundi aliyekamilisha chombo chake anaweza kukipeleka CAMARTEC, Arusha, kituo cha serikali kinachofanya majaribio ya zana za kilimo. Na anayekusudia kupita nacho barabarani aangalie kwanza kadi ya pikipiki yake: imeandikwa namba ya injini na ya chesisi, na injini ikibadilishwa bila kadi kubadilishwa, maelezo mbele ya trafiki huwa marefu.