Je, Mungu Anatarajia? Kitenzi Kimoja cha Kiingereza na Tafsiri Zake

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho wanafunzi wa theolojia hukutana nacho mara kwa mara katika vitabu vyao, nacho ni "expect". Wengi wetu hukifasiri "kutarajia" bila kusita, kisha hupanda nacho mimbarani. Habari ikiwa ni ya mvua au ya mgeni, hasara si kubwa. Lakini atendaye akiwa ni Mungu mwenyewe, neno tunalolichagua laweza kuifanya Sheria ionekane kuwa ni ombi tu, au kuifanya Injili kuwa dai.

Asili ya kitenzi hiki ni neno la Kilatini exspectare, yaani kutazama nje, kama mtu asimamaye mlangoni akiangalia njia. Katika Kiingereza cha leo picha hiyo imefifia. Mwingereza hulitumia neno hilo kwa mvua anayodhani itanyesha, kwa mgeni anayemngoja, na kwa mtumishi ambaye hana budi kutimiza wajibu wake. Maana hii ya tatu ndiyo inayotutatiza. Mwaka 1805, kabla ya mapigano ya Trafalgar, Admirali Nelson alitaka kuwapelekea mabaharia wake ujumbe kwa bendera, kwamba kuna imani ("confides") kuwa kila mmoja atatimiza wajibu wake. Afisa wa ishara aliomba kutumia "expects" badala yake, kwa sababu neno hilo lilikuwamo katika kitabu cha ishara, na lile la kwanza lingelazimu kuandikwa herufi kwa herufi. Nelson alikubali. Hivyo, ili kuokoa bendera chache, watu waliokuwa wakiambiwa kwamba wanaaminiwa waliambiwa kwamba wanadaiwa.

Lugha nyingine haziugawi mzigo huu kwa namna moja. Mhispania husema esperar kwa habari ya basi na kwa habari ya ufufuo, maana kwake kungoja na kutumaini ni neno moja. Mfaransa hutenganisha: attendre ni kungoja, espérer ni kutumaini, na akitaka kudai anacho kitenzi exiger. Mjerumani ana erwarten, lililojengwa juu ya warten, kungoja. Nasi tunayo maneno kutumaini, kutaraji, kutazamia, kungojea na kusubiri. Utajiri huu hutulazimisha kuamua jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza aliweza kuliacha bila kuamuliwa.

Tuchukue mfano wa Isaya 5, wimbo wa shamba la mizabibu. Katika mstari wa 2, mwenye shamba amekwisha kulima, ametoa mawe, amepanda mzabibu ulio mzuri, amejenga mnara na kuchimba shinikizo. Kisha linakuja tendo lake la mwisho, ambalo kwa Kiebrania ni qavah. Septuaginta inalifasiri kwa kitenzi cha kukaa na kungoja. Vulgata ina exspectavit. Luther aliandika kwamba mwenye shamba alingoja, wartete. Segond alisema kwa Kifaransa kwamba alitumaini, espéra. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilisema "looked", yaani alitazamia, na New Revised Standard Version ya mwaka 1989 ikaweka "expected". Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952 inasema "akatumaini". Tendo moja la Mungu limepata sura nyingi, na kila sura yaweza kuzaa hubiri la namna yake.

Ni ipi iliyo bora? Tukifuata "expected" kwa maana ya kudai, tunapata bwana mkali aliyekuja kukagua mazao. Tukisema "akatarajia", tunamfanya Mungu kuwa mtu aliyepiga hesabu na hesabu ikamshinda, na papo hapo msikilizaji atauliza kama Mungu hakujua yatakayotokea. "Akatumaini" lina joto, nalo linaonyesha kwamba mwenye shamba aliumia moyoni. Hata hivyo sisi tungependelea "akangojea". Mkulima aliyekwisha kufanya yote yampasayo hana la kufanya tena ila kungoja, na mpangilio wa mstari wenyewe waonyesha hivyo: kazi zote zimetangulia, kungoja kunafuata. Tena qavah ndicho kitenzi kilichomo katika Isaya 40:31, ambapo Union Version inawataja wale wamngojeao Bwana. Tukitumia neno moja mahali pote pawili, usharika utasikia kwamba kabla watu hawajaambiwa kumngojea Mungu, Mungu alikuwa amekwisha kuwangojea wao. Jambo hilo halisikiki katika Kiswahili chetu cha sasa, wala katika Kiingereza.

Hatusemi haya ili kuipunguza Sheria. Wimbo ule unaishia katika hukumu, na katika mstari wa 7 nabii anacheza na maneno ya Kiebrania yanayofanana kwa sauti, mishpat na mispach, tsedaqah na tse'aqah, hata msikilizaji ashtuke kwamba palipopasa kuwa na haki pana dhuluma na kilio. Lakini Sheria na isemwe kwa jina lake. Mwandishi wa Kiingereza akisema kwamba Mungu "expects" utii, mara nyingi anazungumzia amri; basi tuseme Mungu anaagiza, au anataka, au anadai. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529 Luther alizieleza amri kama amri. "Anatarajia" ni neno la upole mno kwa kazi hiyo, nalo humwacha msikilizaji akidhani kwamba Mungu anatamani tu, na kwamba asipotii hakuna lililoharibika.

Liko neno jingine linalotupa mashaka zaidi. Siku hizi katika matangazo na barua husemwa "tunategemea kuanza ibada saa tatu", yaani tunatazamia. Kwa habari ya saa, na liwe. Lakini mzee hutegemea mkongojo, na asipokuwa nao huanguka. Basi Mkristo akiambiwa siku ya mavuno kwamba "Mungu anategemea sadaka yako", ameambiwa kwamba Mungu ameegemea juu ya kazi za mwanadamu. Mhubiri hakukusudia hivyo. Alikuwa na "expects" kichwani. Lakini usharika husikia Kiswahili.

Kuhusu neno taraja lenyewe, tukumbuke kwamba Union Version ililipa heshima kubwa. Katika Warumi 8:24 ndilo linalosimama kwa elpis ya Kiyunani, neno lile lile ambalo katika 1 Wakorintho 13:13 limekuwa tumaini. Tangu wakati huo maisha ya neno hili yamebadilika. Matarajio sasa ni ya mipango, bajeti na taarifa za miradi, na mwanafunzi asomaye Warumi 8 kwa masikio ya leo huweza kusikia makisio mahali ambapo Mtume anasema juu ya viumbe vinavyougua. Anayefundisha sura hiyo hana budi kueleza taraja kwa tumaini, na kuonyesha kwamba katika mstari wa 25 linaandamana na kungojea kwa saburi.

Yapo mahali ambapo kutaraji kunafaa kabisa. Katika Matendo 3:5 yule kiwete wa mlango wa hekalu anawaangalia Petro na Yohana "akitaraji" kupata kitu. Kiyunani kina prosdokōn, Kiingereza cha mwaka 1611 kina "expecting", na hapo tusibadili kitu. Mtu yule aliijua kazi yake ya kuomba, aliwajua wapitao, naye alikuwa akikisia sarafu.