Mwajiri, usiamini cheti kabla hujauliza aliyekitoa

Ukitaka kununua gari kuukuu utamwita fundi alikague. Mbona basi unapotafuta muuguzi wa kumtunza mama yako mgonjwa, au mtu wa maabara wa zahanati yako, unatosheka na karatasi aliyokuja nayo mkononi?

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimwajiri kijana katika maabara ya kliniki yangu. Cheti chake kilikuwa na mhuri na sahihi, nami nilikuwa na haraka. Majuma mawili baadaye niligundua kwamba karibu kila damu aliyoipima ilikuwa na malaria. Mtoto mmoja niliyempa dawa za malaria alirudishwa akihema kwa shida. Ugonjwa wake ulikuwa nimonia. Alipona, lakini kwa bahati. Nilipopiga simu katika chuo kilichotajwa kwenye cheti, kijana huyo hakujulikana kabisa. Simu hiyo ilichukua dakika tano.

Hospitali kubwa pia zimewahi kudanganywa. Michael Swango, daktari wa Marekani, alihukumiwa kifungo mwaka wa 1985 kwa kuwatilia sumu wafanyakazi wenzake. Alipotoka gerezani alighushi barua zilizodai kwamba kosa lake lilikuwa ugomvi wa baa tu, akapata kazi South Dakota mwaka wa 1992 na New York mwaka wa 1993. Alipofichuliwa huko, alikuja Afrika. Mwaka wa 1994 alipokewa katika hospitali ya Mnene, Zimbabwe, ambako wagonjwa walianza kufa kwa njia ya kutatanisha. Alikamatwa Chicago mwaka wa 1997, akiwa safarini kwenda Saudi Arabia kufanya kazi. Mwaka wa 2000 alikiri kuwaua wagonjwa watatu wa hospitali moja ya New York, akafungwa maisha.

Swango hakukosa karatasi. Alikuwa nazo, na ni yeye mwenyewe aliyezileta.

Ufanye nini?

Kwanza, chukua jina na nambari ya usajili ya anayeomba kazi, kisha uliza wanaomsajili. Kwa daktari ni baraza la madaktari, KMPDC. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, na watu wa maabara wana bodi yao. Uliza pia kama leseni yake haijaisha muda.

Pili, mpigie simu mwajiri wake wa awali. Nambari itafute wewe; usitumie iliyoandikwa kwenye barua ya sifa. Muulize: aliondoka kwa nini? Ungemwajiri tena?

Tatu, mwitishe cheti cha tabia njema cha polisi. Mweleze unachochunguza na upate idhini yake, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari zake.

Lakini usivuke mpaka. Wako waajiri wanaodai kumpima mtu virusi vya ukimwi kabla ya kumpa kazi. Sheria ya mwaka wa 2006 inakataza jambo hilo, na kipimo hicho hakikuambii lolote kuhusu ujuzi wala uaminifu wake.

Mwenye cheti halali hatachukia kuulizwa. Anayekasirika na kukuharakisha, mtilie shaka. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa kinga yenyewe ni simu moja tu.