Kindu: Telekomande moja kwa televisheni na dekoda, namna ya kuipanga bila kumaliza batri

KINDU – Usiku wa tarehe 28 Januari 2024, Leopards ya Kongo ilicheza na Misri kule San-Pédro, Côte d'Ivoire, katika Kombe la Afrika. Kwa saa za Kindu mchezo ulianza saa nne ya usiku. Ukaisha 1-1, wakaongeza dakika, wakafika kwenye penati, na wakati kipa Lionel Mpasi alipopiga ile ya mwisho na Kongo kushinda 8-7, saa sita ya usiku ilikuwa imekwisha kupita.

Mchezo mrefu namna hiyo unapima vitu viwili katika nyumba ya Kindu. Cha kwanza ni batri, maana wakaaji wengi wa mji huu wanategemea pano za jua au jenereta. Cha pili ni kile kidude cha plastiki kinacholala juu ya kiti, ambacho hakuna anayekikumbuka mpaka siku kinapogoma.

Telekomande ikifa, televisheni za sasa haziachi njia nyingi. Zamani zilikuwa na safu ya butoni mbele. Leo nyingi zina butoni moja tu, imefichwa chini au nyuma, tena nyingine ni ya kuwasha na kuzima basi. Mtu anayetaka kutoka kwenye antena kwenda kwenye dekoda, au kwenye flash yenye filamu, anabaki anatazama maandishi yanayosema hakuna signali. Dekoda inafanya kazi, televisheni inafanya kazi, lakini hazionani.

Na mashini zinazofika Kindu hazifiki zote zikiwa kamili. Kuna zinazoletwa kwa ndege, kuna zinazopanda treni kutoka upande wa Lubumbashi, kuna zinazoteremka Ubundu na kupanda mto Lualaba kwa baleinière. Televisheni ya mtumba, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili au watatu, mara nyingi inafika bila telekomande yake. Kupata ya asili, ya modeli ile ile, ni bahati. Ndiyo maana wachuuzi wanauza zile za "universal": moja ambayo inaweza kujifunza kuongea na mashini za marka nyingi.

Lakini kabla ya kutoa feza, ni vizuri kuhakikisha kama ile ya zamani imekufa kweli. Telekomande nyingi zinatupwa zikiwa nzima. Kuna kipimo kisicholipiwa: fungua kamera ya simu, elekeza pua ya telekomande kwenye kamera, kisha bonyeza butoni yoyote. Telekomande inatuma mwanga wa infraruji, ambao jicho la mtu haliuoni lakini kamera nyingi zinauona kama taa ndogo ya zambarau au nyeupe. Tumia kamera ya mbele, ile ya selfie, kwa sababu kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachozuia mwanga huo. Taa ikionekana inawakawaka, telekomande ni nzima, na tatizo linaweza kuwa kwenye jicho la televisheni au kitu kimeliziba. Isipoonekana, anza na mapile, zile betri ndogo.

Mapile ya bei ya chini yana tabia ya kuvuja. Yanaacha unga mweupe au wa kijani kwenye vile vichuma, na moto haupiti tena hata ukiweka mapya. Kwangua unga huo taratibu kwa kijiti, pangusa kwa kitambaa kikavu au chenye alkoli kidogo, kisha jaribu tena. Usichanganye pile mpya na ya zamani: ya zamani inaivuta mpya chini, na zote mbili zinaisha haraka. Kama ni butoni moja au mbili tu zinazogoma, mara nyingi ile ya sauti inayobonyezwa kila siku, fungua gamba na usafishe mpira wa ndani. Jasho, mafuta ya samaki na vumbi vinajaa pale.

Ikishindikana, hapo nunua ya universal. Na hapa wengi wanapoteza feza yao mara ya pili: wanatupa karatasi iliyo ndani ya boksi. Karatasi ile ndiyo mali yenyewe. Ina orodha ya marka na mbele ya kila marka kuna kode za tarakimu tatu au nne. Kila kiwanda kina lugha yake ya kuwakisha ule mwanga, na kode ndiyo inayoiambia telekomande iongee lugha gani.

Kwa nyingi, kazi inakwenda hivi. Washa televisheni kwa butoni yake mwenyewe. Shikilia butoni iliyoandikwa SET mpaka kataa kadogo ka telekomande kabaki kanawaka. Bonyeza TV, kisha ingiza kode. Taa ikizimika, kode imepokelewa. Kwa dekoda, rudia mambo yale yale lakini bonyeza STB au SAT mahali pa TV. Kama karatasi imepotea, au marka ya televisheni haimo kabisa katika orodha, kuna njia ya kutafuta: unaelekeza telekomande kwenye televisheni na kuiacha ijaribu kode moja baada ya nyingine, mpaka wakati televisheni inapojizima. Hapo unatakiwa kubonyeza haraka ili ishike ile kode. Ukichelewa inapita, na unaanza upya. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo usiifanye siku ya mchezo.

Televisheni kujizima si mwisho wa kazi. Kode moja inaweza kuamrisha kuzima na kupandisha sauti, lakini ikakataa menyu au ile butoni ya kubadilisha chanzo cha picha, ambayo ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Jaribu butoni zote kabla ya kuridhika. Kama moja inakosa, rudi kwenye orodha na ujaribu kode inayofuata ya marka ile ile. Ikikubali, iandike kwa bic kwenye kipande cha skochi na ukibandike ndani ya kifuniko cha mapile. Telekomande nyingine zinasahau kila kitu mapile yakitolewa, na bila ile skochi utalipa fundi kwa kazi ya dakika mbili.

Aina ya juu kidogo ni ile inayojifunza. Hiyo haihitaji kode. Unaweka telekomande mbili pua kwa pua, umbali wa vidole viwili au vitatu, unaiweka mpya katika hali ya kujifunza, unabonyeza butoni moja kwenye ya zamani, nayo inakopi. Butoni kwa butoni. Uzuri wake ni kwamba ya zamani si lazima iwe yako. Jirani mwenye televisheni kama yako anaweza kukukopesha ya kwake kwa nusu saa, na unarudi nyumbani na lugha yote. Kazi hiyo ifanyike ndani, mbali na dirisha, kwa sababu jua lina infraruji nyingi na linaharibu somo. Tatizo la jua si geni: mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa telekomande ya kwanza ya televisheni isiyo na waya, Flash-Matic, kazi ya injinia Eugene Polley. Ilitumia mwanga kama wa tochi, na jua likipiga kwenye televisheni liliweza kubadilisha chaneli lenyewe.

Sasa tuje kwenye batri, maana hapo ndipo telekomande iliyopangwa vizuri inaonyesha faida yake kwa Kindu kuliko kwa mji wenye umeme wa saa zote.

Chukua nyumba yenye televisheni ndogo ya LED inayokula wati 40 na dekoda inayokula wati 12. Familia inatazama saa tano jioni: televisheni imekula wati-saa 200, dekoda 60. Baba anazima televisheni, wote wanalala. Dekoda hakuna aliyeizima, kwa sababu telekomande yake ilipotea siku nyingi na chaneli zinabadilishwa kwa butoni za dekoda yenyewe. Kwa saa 19 zinazobaki, dekoda inakula wati-saa 228. Imekula zaidi ya televisheni, bila mtu kutazama chochote. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200, lakini ile ya risasi haipendi kushushwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo una 600 za kutumia, na zaidi ya theluthi moja imekwenda kwa mashini iliyosahauliwa. Watu wanalaumu pano, wanalaumu batri, wanalaumu mawingu.

Telekomande yenye TV na STB pamoja inatibu sehemu kubwa ya ugonjwa huo: bonyeza TV, zima, bonyeza STB, zima. Baadhi zina butoni inayozima vyote kwa mara moja, au inayokubali kupangwa ifanye amri mbili mfululizo. Lakini kuzima kwa telekomande ni kulaza tu, na kuna dekoda ambazo hata zikilala zinaendelea kula moto mwingi. Nyingi pia zinajiwasha zenyewe moto ukirudi baada ya kukatika. Kwa usiku mzima, dawa kamili ni multiprize yenye swichi.

Kuna mambo ambayo telekomande ya universal haiwezi. Boksi za Android na televisheni zenye butoni ya kuongea kwa sauti zinatumia mara nyingi Bluetooth, wala si infraruji, na ile ya sokoni haitaigusa butoni hiyo. Klima nayo ina telekomande za aina yake: kila ukibonyeza, inatuma hali yote kwa pamoja, joto, upepo na namna ya kazi, kwa hiyo omba ile iliyotengenezwa kwa klima. Kwa upande mwingine, simu fulani, kama nyingi za Xiaomi, zina infraruji juu na zinaweza kuwa telekomande kwa programu tu. Wenye nganda wanapaswa kulijua hilo: mteja mmoja mwenye simu ya namna hiyo, timu yake ikifungwa, anaweza kuizima televisheni akiwa amekaa na chupa yake. Kipande cha skochi nyeusi kwenye jicho la televisheni kinamaliza mchezo huo.

Linabaki jambo moja, na hili halina mzaha. Zile telekomande nyembamba zinazokuja na radio za USB, ampli na taa za rangi hazitumii mapile marefu. Zinatumia pile bapa kama sarafu, na mara nyingi kile kisanduku chake kinavutwa kwa ukucha tu. Mtoto mdogo anaweza kuitoa na kuimeza. Ikikwama kooni inaunguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa mbili, hata kama mtoto anapumua na halii. Asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali palepale, na aliyembeba aseme wazi kwamba ni pile. Telekomande za namna hiyo zifungwe kwa skochi upande wa pile tangu siku ya kwanza, na pile iliyokwisha isiachwe kwenye meza wala kutupwa ndani ya parsele ambako watoto wanacheza.