Miguu ikiuma, jua chanzo kabla ya kumeza dawa

JE, wewe huamka asubuhi, ukakanyaga sakafu na kuhisi kana kwamba umedungwa msumari kisiginoni? Baada ya hatua chache maumivu hupungua, lakini ukikaa kitako kwa muda kisha uinuke, hurudi tena. Hali hii huwapata watu wengi, hasa walimu, askari walinzi, wahudumu wa hoteli na kina mama wanaosimama sokoni kutwa.

Chini ya wayo kuna utando mgumu unaoanzia kisiginoni hadi vidoleni. Utando huu huumia iwapo mtu husimama kwa saa nyingi, ameongeza uzani, au huvaa ndara na viatu vya soli nyembamba. Unapolala hujikaza, na asubuhi unapokanyaga huvutika kwa ghafla. Huo ndio uchungu unaousikia.

Baadhi ya wagonjwa hupigwa eksirei, wakaonyeshwa mfupa uliochomoza kisiginoni na kudhani lazima wapasuliwe. Usiwe na hofu. Mfupa huo hupatikana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote.

Tiba unaweza kuianzia nyumbani. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa sekunde 30, na urudie mara tatu. Kisha egemea ukuta kwa mikono, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino kikigusa sakafu, mpaka uhisi shavu la mguu likivutika. Jioni, bingirisha chupa ya maji baridi chini ya wayo kwa dakika 10. Vaa viatu vya soli nene hata ukiwa nyumbani. Uwe na subira, kwani huenda ikachukua miezi kadhaa kupona kabisa.

Hata hivyo, si kila maumivu ya mguu hutokana na utando huu. Kidole gumba kikivimba ghafla usiku, kikawa moto na kuuma hata kikiguswa na shuka, huenda ni jongo, ambalo huchochewa na pombe na nyama nyingi. Nao uchungu wa shavu la mguu unaokuja ukitembea na kutulia ukipumzika, hasa kwa mvutaji sigara, waweza kuwa dalili kwamba mishipa ya damu imeziba.

Ndiyo sababu si vyema kununua tembe za kutuliza maumivu kila wiki bila kupimwa. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kwa muda mrefu zaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, huku chanzo cha maumivu kikibaki palepale.

Lakini mguu wa kuhofiwa zaidi ni ule usiouma. Ugonjwa wa kisukari huharibu neva za miguu polepole. Kwanza nyayo huwaka moto au kuchomachoma usiku, kisha hufa ganzi. Mtu aliyefikia hapo hukanyaga msumari bila kujua, kidonda kikaoza, na mwishowe akakatwa mguu.

Iwapo una kisukari, kagua nyayo zako kila jioni. Ikiwa huwezi kuinama, tumia kioo au umwombe mtu wa nyumbani akutazamie. Kausha katikati ya vidole baada ya kuoga, kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, usitembee pekupeku, usikate sugu kwa wembe wala usiote miguu kwenye jiko.

Ukiona kidonda, hata kidogo kisicho na uchungu, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Na kama nyayo zako huwaka au kufa ganzi na hujawahi kupimwa sukari, usingoje zaidi. Kipimo chenyewe ni tone moja tu la damu kutoka kidoleni.