Je, Wajua? Chujio la Hewa Halifanyi Kazi Kama Chekeche

Lita moja ya petroli haiungui peke yake. Ili iungue sawasawa inahitaji hewa takriban lita 9,000, kwa kuwa kila kilo 1 ya petroli hutaka kilo 14.7 za hewa. Gari dogo linalotoka Dar es Salaam hadi Morogoro huvuta zaidi ya lita laki moja za hewa ya barabarani, pamoja na masizi ya malori na vumbi la pembezoni. Hewa yote hiyo hupita kwenye karatasi moja iliyokunjwakunjwa, ambayo wengi hatuikumbuki mpaka fundi aitoe ikiwa nyeusi.

Vijana wapenda magari hutoa boksi la hewa la kiwandani na kujitengenezea bomba lao la alumini au plastiki ngumu. Huanzia kwenye throto na kuishia kwenye chujio nyuma ya bampa au ndani ya madigadi, mbali na joto la injini. Wazo lenyewe ni sahihi kifizikia: hewa ya nyuzi 60 chini ya boneti ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nje ya nyuzi 30, na palipo na hewa nzito pana oksijeni nyingi. Ila magari mengi ya kisasa tayari huvuta hewa kutoka mbele, karibu na rejeta, kwa hiyo nguvu inayoongezeka mara nyingi ni ndogo kuliko mngurumo unavyodai. Hasara ya chujio baya, kinyume chake, ni kubwa na haisikiki.

Wengi hudhani chujio hunasa vumbi kwa sababu matundu yake ni madogo kuliko chembe. Sivyo. Nafasi kati ya nyuzi za karatasi ni pana kuliko chembe nyingi zinazonaswa humo. Hewa hupinda inapokutana na uzi, lakini chembe nzito haiwezi kupinda nayo, hivyo hujigonga na kuganda. Chembe ndogo zaidi hupita karibu mno na uzi, zikanaswa. Zile ndogo kabisa hutikiswa huku na huku na molekuli za hewa mpaka ziuguse uzi. Zinazoponyoka kirahisi ni za kati, chini ya mikroni 1, yaani chini ya sehemu ya elfu ya milimita.

Injini huumizwa zaidi na chembe kubwa kuliko hizo, hasa za mikroni 5 hadi 20, kwa kuwa zinatosha kuvuka utando wa oili kati ya ringi na ukuta wa silinda. Sehemu kubwa ya vumbi la barabara ni silika, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ndiyo maana maabara zinazopima oili iliyotumika hutazama silikoni, inayotokana na silika, na chuma kwa pamoja: vyote viwili vikipanda, huenda kuna mahali hewa inaingia bila kuchujwa.

Kuna kipimo cha kimataifa cha machujio haya, ISO 5011. Chujio hulishwa vumbi maalumu, ambalo asili yake ni jangwa la Arizona, Marekani, kisha hupimwa limenasa kiasi gani na limezuia hewa kiasi gani. Karatasi nzuri hunasa zaidi ya asilimia 99. Muuzaji akikwambia lake linanasa 97, usiseme tofauti ni mbili tu. La asilimia 99 limepitisha gramu 1 katika kila 100, la 97 limepitisha 3. Vumbi linaloingia kwenye silinda limekuwa mara tatu.

Machujio ya shashi ya pamba iliyopakwa mafuta, yaliyopewa umaarufu na kampuni ya K&N iliyoanza California mwaka 1969, hupitisha hewa vizuri na huoshwa yakatumika tena. Lakini ukizidisha mafuta, matone husafiri hadi kwenye sensa ya hewa na kuichafua, na injini huanza kupewa kipimo kisicho sahihi cha petroli. Sponji yenye mafuta inafaa sana pikipiki za njia za vumbi. Kwa gari la kila siku katika nchi zetu, mimi ningechagua chujio kavu, na ningechagua kubwa.

Ukubwa ndio jambo ambalo wengi hukosea. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika humeza takriban lita 100 za hewa kwa sekunde. Eneo la chujio likiongezeka maradufu, kasi ya hewa kupita kwenye nyuzi hupungua kwa nusu, kizuizi hupungua, na vumbi hupata mahali pa kukaa. Chujio dogo la umbo la koni linalong'aa halina eneo hilo. Chukua kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu, mdomo wake ulingane na bomba bila kulazimishwa, na sehemu inayobeba sensa ibaki na kipenyo cha kiwandani, la sivyo hesabu ya hewa hupotoka.

Usilishushe chujio chini mno, lisije likavuta maji ya barabarani. Maji hayabanwi kama hewa. Yakifika kwenye silinda, konrodi hupinda. Baadhi ya magari ya mashindano ya Safari Rally, Kenya, yamewahi kufungwa mabomba marefu ya kuvutia hewa juu kwa sababu ya maji na vumbi.

Wala usikimbilie kulipuliza chujio kwa kompresa kila wiki. Vumbi lililokwisha kunaswa husaidia kunasa jingine, na upepo mkali huweza kupasua karatasi. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge, Marekani, ilionyesha kwamba chujio lililoziba halikuongeza ulaji wa petroli kwa magari ya kisasa yaliyojaribiwa, bali lilipunguza wepesi wa kuongeza kasi.

Baada ya safari chache za vumbi, fungua bomba upande wa injini, baada ya chujio, upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka chekundu kwa vumbi, kagua kwanza klempu za bomba na mpira mdogo wa kupumulia injini unaoungana nalo kabla ya kulilaumu chujio.