Uvira: Bendera gani inaonyesha Kiswahili kwenye simu?

Mkaaji wa Uvira anayetafuta Kiswahili kwenye ukurasa wa intaneti mara nyingi anakuta bendera ya Tanzania ao ya Kenya. Akigusa bendera ya Kongo, anaweza kuangukia Kifaransa. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaamua kama ataelewa tangazo la chanjo ya kipindupindu ao masharti ya kutuma makuta.

Bendera ni ya nchi, si ya lugha. Ziwa Tanganyika linagusa nchi 4: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Kiswahili kinasikika kwenye bandari ya Kalundu, kwenye mpaka wa Kavimvira, Baraka, Bujumbura na Kigoma. Hakuna bendera moja inayoweza kukibeba.

Bendera yetu nayo ina lugha nyingi chini yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Hapo hatujahesabu Kifuliru, Kivira, Kibembe na Kinyamulenge. Ndiyo maana W3C, shirika la kimataifa linaloandaa kanuni za intaneti, linashauri kutotumia bendera kuonyesha lugha.

Je, maneno peke yake yanatosha? Hapana. Simu ikiangukia Kichina, mwenye simu hawezi kusoma wapi pameandikwa "lugha". Hapo picha inasaidia: gurudumu lenye meno linampeleka kwenye mipangilio, na duara la dunia mara nyingi linaonyesha mahali pa lugha. Lakini akishafika kwenye orodha, picha haimsaidii tena. Anahitaji kuona neno analolijua: Kiswahili.

Hapo ndipo kurasa nyingi zinakosea. Orodha iliyotafsiriwa yote kwa Kichina haimfai mtu asiyejua Kichina. Wikipedia inafanya vizuri zaidi: kila lugha inaandikwa kwa jina lake yenyewe, Français, Kiswahili. Jina hilo halibadiliki, hata ukurasa ukiwa wa lugha gani.

Kwenye simu nyingi za Android kuna swali lingine: Kiswahili cha Kenya, Tanzania, Uganda ao Kongo? Nchi unayochagua inaweza kubadilisha pia namna ya kuandika tarehe na hesabu. Kwa mpangilio wa Marekani, 03/04 ni tarehe 4 Machi. Kwa mpangilio wetu ni tarehe 3 Aprili. Mgonjwa anaweza kukosea siku ya kurudi hospitali kwa mwezi mzima. Vilevile 1,500 kwa Kiingereza ni elfu moja na mia tano, lakini kwa Kifaransa ni moja na nusu. Katika mji ambapo dola, franga za Kongo na franga za Burundi zinapita mkono kwa mkono, koma moja inaweza kuleta ugomvi sokoni.

Wakongomani wamekwisha kuona picha na maneno vikifanya kazi pamoja. Katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, mashine za CENI zilionyesha wagombea kwa sura, jina na namba. Anayesoma alifuata jina. Asiyesoma alifuata sura ao namba.

Basi wanaotengeneza kurasa kwa ajili ya Kivu Kusini waweke duara la dunia juu ya ukurasa, mahali panapoonekana, na chini yake majina yaandikwe wazi: Français, Kiswahili. Kwa asiyesoma, waongeze sauti. Kazi hiyo haiombi mashine mpya.

Na wewe msomaji, kabla ya kubadilisha lugha ya simu yako, piga picha ya kila hatua kwa simu nyingine. Ukipotea, utajua njia ya kurudi bila kumlipa fundi.