Mbwa wa kuchunga kamio afundishwe kwanza kunyamaza

Mu musimu wa kahawa, magunia yanatoka mu depo za vijiji na kupelekwa Butembo ao Beni. Njia munaijua. Fasi ya mulima kamio inapanda pole pole kama mutu wa miguu, na mvua ikinyesha inaweza kulala mu matope usiku mbili. Njo pale mwizi anafanya kazi yake: anapanda nyuma, anakata bashi, mwenzake anapokea gunia chini, na shofa anakuja kujua hasara siku ya kupima kilo. Ndiyo maana wanamemba wengi wanajiuliza kama mbwa anaweza kusaidia konvuayeri. Anaweza, lakini haiko kwa namna yenye watu wengi wanafikiri.

Kazi ya mbwa ndani ya kamio ni kubweka, basi. Mwizi wa bashi anataka kimya. Akisikia kelele na kuona taa ya shofa inawaka, anaruka na kukimbia. Mbwa haiko pale kwa kuuma. Tena hana kazi yoyote mbele ya watu wenye bunduki. Kamio ikifika ku barieri na mbwa anarukaruka na kuonyesha meno, mutu mwenye silaha anaweza kufyatua, na hakuna mwenye kujua risasi itaishia wapi. Ku barieri mbwa anapaswa kulala chini na kunyamaza kwa neno moja. Kama hamujafika pale, mumuache ku depo.

Kuna jambo lenye linashangaza watu. Mbwa mwenye ni mupole nyumbani, anacheza na watoto, siku unamufunga mu kabini anataka kukula mutu yeyote mwenye anapita karibu ya kioo. Hajaingiwa na shetani. Nyumbani ana nafasi: mutu asiyemupenda akikuja, anaweza kurudi nyuma. Ndani ya motokari hana fasi ya kukimbilia, kwa hiyo anaona hatari iko karibu sana. Tena anabweka, mupita-njia anaendelea na safari yake, na mbwa anafikiri ni yeye ndiye amemufukuza. Siku kumi za kuacha ile tabia zinatosha kumuharibu. Na watoto wa soko wanaogonga kioo ili wamuone akikasirika, wanamuharibu haraka zaidi. Konvuayeri asiwachekee.

Juu ya kuchagua, mbwa wa kijiji wa kawaida anatosha. Hapana kutafuta mbwa mukubwa wa Ulaya mwenye kula nyama kilo nzima kwa siku. Jambo moja tu: hapa kwetu Kongo ndiko inatoka ile aina yenye wazungu wanaita basenji, mbwa mudogo mwenye mukia wa kujikunja. Ni muzuri kwa uwindaji, lakini habweki kama wengine. Mukiwa naye mu kamio mutalala muzuri, na mwizi pia atafanya kazi yake bila shida.

Muanze akiwa mutoto wa miezi mitatu ao ine. Kwanza gari isimame, injini imezimika. Mumupe chakula chake ndani, siku kwa siku, mpaka apende kupanda mwenyewe. Kisha muwashe injini na kubaki fasi moja. Kisha mutembee metre mia moja, halafu mpaka ku soko ya karibu. Wengi wanatapika mara za kwanza. Musimupe bugali mingi mu masaa ya mbele ya safari, maji tu. Kazi ya kweli ya usiku ingojee akuwe na mwaka moja na zaidi. Mutoto wa mbwa mwenye anaogopeshwa njiani anabaki mwoga, na mwoga ndiye anauma.

Somo lenye kupita yote ni mulango. Kwa mbwa, mulango ukifunguka ni ruhusa ya kuruka, na nje kuna pikipiki, mbuzi na watu. Kwa hiyo fungua kidogo, kipana cha mukono. Akisogea, funga pole pole, bila kumubana. Akitulia, fungua tena, umupe ndagala moja. Mara kumi, mara makumi mbili, kila siku. Akijua kubaki chini mulango ukiwa wazi kabisa, wewe ushuke mbele, uangalie njia, kisha ndiyo umuite kwa neno lake.

Hapa muchague maneno yenu kwa akili. Ku depo wapakiaji wanapiga kelele kutwa nzima: panda, shusha, leta, acha! Kama mbwa alifundishwa kwa maneno yale yale, ataruka kila mara mutu anamuambia mwenzake kushusha gunia. Mbwa hajui luga, anajua sauti tu. Koperative inaweza kutumia Kinande, ao Kifaransa, ao neno lolote fupi lenye halisikiki mu kazi. Shofa na konvuayeri watumie lile lile, na sauti ile ile, juu mumoja akigonjwa, mwengine aweze kumutawala.

Kunyamaza kunafundishwa hivi. Mwenzako agonge bashi kwa nyuma. Mbwa abweke mara tatu, ine. Uende uangalie, umuonyeshe umesikia. Kisha useme neno la kunyamaza na kumuwekea ndagala karibu ya pua. Hawezi kunusa na kubweka wakati moja. Akinyamaza, apate. Mwanzoni musubiri sekunde moja, kisha tano, kisha dakika. Kumulalamikia hakufai kitu. Anafikiri na wewe unabweka pamoja naye. Wengine wanamupa pilipili ili akuwe mukali, ao wanamupiga. Pilipili inamuumiza tumbo tu, na fimbo inamufundisha kuogopa mukono wenye unapaswa kumutawala.

Kumufunga ni jambo la uzima. Mbwa mwenye kufungwa kwa shingo juu ya magunia, kamba ikiwa ndefu, akiruka pembeni ya karoseri anajinyonga, na shofa hasikii. Mushipi upite kifuani, si ku shingo, na kamba ikuwe fupi mpaka asifike ku ubao wa pembeni. Afadhali kisanduku cha mbao chenye matundu, nyuma ya kabini. Mu kabini yenyewe asikae ku miguu ya shofa, karibu na freni.

Na joto. Kama nje ni digri 24, kabini yenye kufungwa inafika digri 34 hivi kisha dakika 10, na kisha nusu saa inapita 40. Kufungua kioo kidogo hakusaidie sana. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapunguza joto kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni 38 mpaka 39. Likipita 41 anaweza kufa. Mukiona anahema sana, mate yanatiririka, anayumba, mumupeleke ku kivuli mara moja, mumumwangie maji na kumupepea. Kwa hiyo musimuache mu kabini wakati munakula, hata kwa dakika chache. Na bidoni yake ya maji isisahauliwe.

Imebaki hasara yenye inaweza kupita ya gunia. Mu Kongo, sheria ya tarehe 30/07/1888 juu ya mikataba na madeni, artikle 261, inasema kama mwenye nyama, ao mwenye kuitumia, ndiye anajibu juu ya hasara yenye ile nyama inaleta, hata kama ilikuwa imetoroka. Mbwa wa koperative akimuuma mupakiaji, koperative njo italipa. Komite ikate shauri wazi, iandikwe: nani anamulisha, nani anamutawala njiani.

Na kila kuuma kuhesabiwe kuwa hatari ya raji, ugonjwa wa wazimu wa mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mutu, karibu hakuna anayepona, lakini mbele ya hapo dawa iko. Kidonda kisafishwe kwa maji mingi na sabuni dakika 15 nzima, na mutu aende kituo cha afya siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Mbwa asiuawe haraka. Afungwe na kuchungwa siku 10, ili munganga wa nyama aone kama anagonjwa. Chanjo yake inaanza akiwa na miezi mitatu na inarudiliwa namna munganga anasema, mara mingi kila mwaka. Karatasi ya chanjo ikae pamoja na karatasi za kamio, ku mukono wa shofa, maana ku mupaka wa Kasindi wanaweza kuiuliza.